UZI: Kazi ya mteja ukiifungulia kwenye kivinjari, inakwenda wapi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, nawaomba mnivumilie. Nawalenga hasa wenzangu wanaotengeneza nembo, mabango, vipeperushi na vitambulisho kwa zile programu ambazo huhitaji kusakinisha chochote: unafungua kivinjari, unaingia, unaanza kuchora.

Nianze na kilichonifikisha hapa. Nilipewa kazi ya vitambulisho vya wafanyakazi 64 wa kampuni moja. Kila mtu alileta picha, jina kamili, namba ya utambulisho na kundi la damu. Nikaifanya kwenye programu niliyoizoea miaka mingi, mteja akaridhika, nikalipwa. Wiki mbili baadaye akanipigia mama mmoja wa idara ya utumishi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniuliza tu: "Mwanangu, hizi picha za watu wangu, ukiacha wewe, nani mwingine anazo?"

Nilikaa kimya. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sikuwa na jibu la swali hilo.

Nikaenda kuchungulia. Cha kwanza, linki niliyomtumia ahakiki majina ilikuwa kwenye hali ya "yeyote mwenye linki anaweza kuhariri". Naye, kwa nia njema kabisa, aliituma kwenye kundi la wafanyakazi wote ili kila mtu akague jina lake. Cha pili ndicho kilichoninyima usingizi. Wengi walituma picha walizojipiga wenyewe kwa simu, nami nikazikata nibakishe kichwa na mabega. Kumbe programu haikati chochote, inafunika tu. Nilibofya mara mbili kwenye picha ya dada mmoja, ikafunguka nzima: amekaa kwenye kitanda cha hospitali, dripu mkononi, na karatasi yenye maandishi ukutani nyuma yake. Alidhani tunachukua uso peke yake. Nami nilidhani hivyo hivyo. Na ile linki ilikuwa mikononi mwa watu 64.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma sera za faragha, napima programu moja baada ya nyingine, nauliza wanaojua. Haya ndiyo niliyoyapata.

Swali la "programu hii ni salama?" halina msaada, maana kila kampuni itakujibu ndiyo. Uliza hivi: faili langu linafunguliwa wapi, ndani ya mashine yangu au kwenye seva yao, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko mtandaoni? Programu zote mbili zinaonekana sawa machoni, zote zina turubai (eneo la kuchorea), zote zina upande wa kushoto wenye zana. Lakini nyuma ya pazia ni vitu viwili tofauti kabisa.

Aina ya kwanza inashusha msimbo wake kwenye kivinjari chako, halafu kazi yote inafanyika humo humo. Photopea iko hivi: ukifungua picha haipandi kwenye seva, inasomwa na kivinjari chako, inahaririwa kwenye kumbukumbu ya mashine yako, na ukihifadhi inarudi kwenye diski yako. Inaendeshwa kwa matangazo, na hilo tusilipuuze, kwa sababu tangazo linapopakiwa ukurasani, kampuni ya matangazo inaona kwamba kifaa chenye anwani fulani kimefika. Mchoro hawauoni, ujio wako wanauona.

Aina ya pili inaweka kazi yako kwenye seva tangu sekunde ya kwanza. Humo ndimo walimo kina Canva na Figma, na faida zake tunazijua: unaanzia kwenye kompyuta unamalizia kwenye simu, mnafanya kazi watu watano kwenye ukurasa mmoja, umeme ukikatika hupotezi kitu. Yote hayo yanawezekana kwa sababu nakala halisi iko kwao. Wewe umeshika kioo tu cha kuitazamia.

Wanaposema "data yako imesimbwa fiche", wengi tunapumua tukaishia hapo. Kusimba ni kuigeuza isisomeke bila ufunguo. Mara nyingi maana yake ni kwamba imesimbwa ikiwa njiani, na imesimbwa ikiwa imelala kwenye diski zao, lakini ufunguo wanao wao. Mwizi aliyechomoa diski hataisoma. Mwenye seva ataisoma, na ni lazima aweze, la sivyo asingeweza kukutengenezea kijipicha cha kazi yako kwenye ukurasa wa mwanzo.

Kuna njia nyingine, nami niliipenda sana nilipoielewa. Excalidraw, ile ya kuchorea michoro ya haraka haraka, ukitengeneza linki ya kushiriki mchoro unasimbwa ndani ya kivinjari chako kabla haujaondoka. Ufunguo unawekwa kwenye linki yenyewe, baada ya alama ya reli (#). Uzuri ni huu: kivinjari kinapoomba ukurasa hakipeleki kwa seva kile kilicho baada ya reli. Kwa hiyo seva inatunza fungu la herufi isizoweza kuzifungua, na ufunguo unao wewe na uliyempa linki. Ukiitupa linki hiyo kwenye kundi la watu mia mbili, basi umegawa funguo mia mbili.

Sasa jaribio, ambalo yeyote anaweza kulifanya. Fungua programu, subiri imalize kupakia, kisha zima intaneti kabisa. Jaribu kufungua picha kutoka kwenye mashine yako, ikate, ihifadhi tena. Ikikubali, kazi inafanyika kwako. Ikigoma au ikazunguka tu, ujue ilikuwa inamsubiri mtu upande wa pili.

Niishie hapa kwanza. Karibuni, hasa mnaoandika programu, nirekebisheni nilipokosea.

#2 Mdau

Mkuu asante kwa uzi, ila mimi naona tunajitisha bure. Natengeneza mabango ya matamasha na kadi za harusi. Bango lenyewe litabandikwa barabarani kila mtu alione. Nifiche nini?

#3 Mleta uzi

Kaka, bango ni la barabarani, sawa. Kadi ya harusi ina namba za simu za wazazi wa pande zote mbili, ina siku na saa ambayo nyumba zao zitakuwa tupu. Hukuvipata vitu hivyo kwa ajili yako, umekabidhiwa.

Halafu bango nalo lina siku zake za kuwa siri. Ukitengeneza tangazo la bidhaa ambayo mteja ataizindua mwezi ujao, leo hii hilo ni siri yake ya biashara.

#4 Mwandishi wa programu

Mleta uzi, umefafanua vizuri, lakini jaribio lako lina tundu, na naomba uliweke sawa kabla watu hawajalitegemea.

Programu inaweza kufanya kazi bila intaneti leo, ikatunza faili kwenye hifadhi ya ndani ya kivinjari, halafu ikalipeleka mtandao ukirudi. Tena programu nzuri za kushirikiana zimeundwa makusudi zifanye hivyo, ili usipoteze kazi ukiwa safarini. Kwa hiyo kufaulu jaribio kunathibitisha kwamba *inaweza* kufanya kazi kwako. Hakuthibitishi kwamba haitumi.

Fanya hivi. Fungulia programu kwenye dirisha la faragha. Zima intaneti, fanya kazi yako, hifadhi matokeo, kisha funga dirisha lote *kabla* ya kuwasha intaneti. Dirisha la faragha likifungwa, hifadhi yake inafutwa pamoja na vijiprogramu vilivyokuwa vinangoja nyuma.

Na kama unataka kuona kwa macho yako badala ya kukisia, bonyeza F12, nenda kichupo cha Network, kisha leta picha kubwa, tuseme ya megabaiti 8. Tazama mistari inayoongezeka. Unatafuta maombi ya aina ya POST au PUT, ndiyo yanayopeleka kitu kwenye seva. Safu ya ukubwa inayoonekana pale inahesabu kilichoshuka, haihesabu kilichopanda, na wengi hudanganyika hapo. Bofya mstari wenyewe, soma vichwa vya ombi, utaona urefu wa kilichotumwa kwa baiti. Ukikuta namba inakaribia milioni 8, picha yako imeondoka.

Programu za kushirikiana hazitumi kwa mtindo huo pekee. Zina bomba moja linalobaki wazi muda wote. Kwenye kichupo hicho hicho chuja kwa WS (WebSocket, ndilo jina la bomba hilo), bofya mstari wake, halafu sogeza kipanya juu ya turubai bila kubofya chochote. Utaona ujumbe mdogo mdogo unamiminika. Hapo zinatumwa nukta za mahali ulipo mshale wako, ili wenzako wauone ukitembea.

#5 Mleta uzi

Mkuu wa #4, nimekuelewa na nakushukuru. Nimeongeza maneno yako kwenye maelezo ninayompa kijana ninayemfundisha kazi. Lile la mshale nimelijaribu sasa hivi na nimebaki mdomo wazi. Sikuwa nimegusa kitu, nilikuwa nafikiri tu mkono ukiwa juu ya kipanya, na kufikiri kwangu kote kulikuwa kunasafiri.

#6 Mdau

Dada yenu hapa. Naomba kuuliza mawili. Mimi natumia programu inayosema "faili zako haziondoki kwenye kifaa chako", na nimeipima, ni kweli. Lakini ina kitufe cha kuondoa mandharinyuma ya picha kwa akili mnemba. Hicho nacho kinafanyia humo humo? Na la pili, nimesikia kazi zetu zinatumika kufundishia hizo akili mnemba. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

#7 Mwandishi wa programu

Dada, la kwanza: usikisie, pima kitufe kwa kitufe. Kuna modeli ndogo za akili mnemba zinazoweza kukimbia ndani ya kivinjari, na ukibofya mara ya kwanza utaona *inashuka* kitu cha megabaiti kadhaa, ndiyo modeli yenyewe. Nyingine zinapeleka picha kwenye seva, mara nyingi seva ya kampuni ya tatu ambayo hata jina lake hukulisoma. Programu ile ile, ukurasa ule ule, vitufe viwili vyenye tabia mbili.

#8 Mleta uzi

La pili acha nilijibu mimi, kwa sababu nimelifuatilia.

Si maneno tu. Mwaka 2024 Figma walipotoa zana zao za akili mnemba walieleza wazi kwamba wataanza kutumia maudhui ya wateja kufundishia modeli zao kuanzia 15 Agosti 2024, na kwamba kuna swichi ya kukataa. Sasa tazama swichi hiyo ilivyopangwa. Kwa mipango ya chini, Starter na Professional, ruhusa ya kufundishia ilikuwa imewashwa tangu mwanzo. Kwa mipango ya mashirika makubwa, Organization na Enterprise, ilikuwa imezimwa. Hawakuficha, na hilo nawapa haki yao. Lakini mwenye wanasheria alilindwa akiwa amelala, na mimi ninayefanya kazi peke yangu chumbani ilibidi niamke nikatafute swichi.

Kwa hiyo dada yangu, leo hii ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako, tafuta sehemu ya faragha au ya akili mnemba, usome kila swichi. Na kama una timu, jua kwamba mara nyingi swichi iko kwa msimamizi wa timu, wewe wa kawaida huioni kabisa.

Nikisoma sera ya faragha siku hizi sianzi juu. Maneno ya juu ni salamu: "tunajali faragha yako". Nashuka moja kwa moja kutafuta mambo manne. Wanawapa akina nani (wachakataji wadogo, yaani kampuni nyingine zinazowafanyia kazi, na orodha yao iko wapi). Wanatunza kwa muda gani baada ya kufuta akaunti. Ni leseni gani nawapa juu ya kazi yangu, maana leseni ya "kuonyesha na kuhifadhi ili huduma ifanye kazi" ni ya kawaida na haina ubaya, lakini ikiongezwa "kuboresha bidhaa zetu" nasimama nasoma mara mbili. Na wakiuza kampuni, data inakwenda na nani. Adobe ilipotangaza Septemba 2022 kwamba inainunua Figma kwa dola bilioni 20, watu walijadili bei na ushindani. Mimi sasa ningejiuliza pia kuhusu mafaili. Mpango ule ulivunjwa Desemba 2023, lakini swali linabaki kwa kampuni yoyote.

#9 Mdau

Niongezee upande wa nenosiri, maana naona umeuruka. Mei 2019 Canva walivamiwa na taarifa za akaunti takriban milioni 137 zikachukuliwa: majina, barua pepe, na manenosiri. Manenosiri yalikuwa yamesagwa kwa bcrypt (njia ya kugeuza nenosiri kuwa herufi ambazo ni vigumu kuzirudisha), kwa hiyo hayakusomeka moja kwa moja, jambo zuri. Lakini Januari 2020 kampuni ilitangaza kwamba yapo karibu milioni 4 ambayo yalikuwa yamefumbuliwa. Mwenye nenosiri jepesi alilotumia pia kwenye barua pepe yake aliachwa mlango wazi.

Mimi nilibadilisha kila mahali, nikawasha uthibitisho wa hatua mbili. Sijaacha kutumia programu za aina hiyo, ila sitaki nenosiri moja lifungue nyumba nzima.

#10 Mdau

Na fonti jamani! Hakuna aliyezitaja. Ukurasa ukivuta fonti kutoka seva ya kampuni nyingine, kampuni hiyo inapata anwani yako ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa mtandao) hata kama hukubofya kitu. Mahakama moja ya München, Ujerumani, iliamua Januari 2022 kwamba tovuti iliyovuta fonti za Google kwa mtindo huo bila ridhaa ya mgeni ilikosea, ikaamuru mlalamikaji alipwe euro 100. Pesa ndogo, lakini hoja ikasimama.

Vilevile orodha ya fonti zilizomo kwenye kompyuta yako inaweza kukutambulisha. Sisi wasanifu tuna fonti za ajabu ajabu ambazo mtu wa kawaida hana, kwa hiyo tunatambulika kirahisi kuliko wengine. Kivinjari kikikuuliza "unaruhusu tovuti hii ione fonti zako?", fikiri kwanza.

#11 Mleta uzi

Hilo la fonti sikulijua kabisa. Ahsante.

Mmoja ameniuliza faraghani: "kwa hiyo zile zinazofanyia kila kitu kwenye mashine yangu ndizo nzuri, niishie hapo?" Hapana, zina maumivu yake. Kazi ikikaa kwenye hifadhi ya kivinjari, kivinjari ndicho mwenye nyumba. Safisha historia kwa kutaka nafasi, kazi imekwenda. Safari, kivinjari cha Apple, tangu mwaka 2020 inafuta hifadhi iliyowekwa na msimbo wa tovuti ukikaa siku saba za kutumia kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo. Rafiki yangu alipoteza michoro ya mwezi mzima, akadhani amevamiwa. Na kama kompyuta ni ya watu wengi, atakayekaa baada yako anafungua ukurasa ule ule anakuta kazi yako imetulia inamngoja. Hamisha faili kwenye diski yako kila ukimaliza, usiamini kwamba "ipo".

Viendelezi vya kivinjari, vile vijiprogramu vya kuongezea, navyo vipo. Ukikipa kiendelezi ruhusa ya kusoma kurasa zote, kinasoma na turubai yako, hata programu yenyewe iwe safi namna gani. Mimi sasa nina wasifu tofauti wa kivinjari kwa kazi za wateja, hauna kiendelezi hata kimoja.

Na nirudi kwenye kukata picha, kwa sababu ndiko kulikoniumiza. Sheria niliyojiwekea: picha ya mtu inakatwa *kabla* haijaingia kwenye programu. Naifungua bila mtandao, naikata, naihifadhi kama picha mpya, na pale pale nafuta taarifa za ndani, maana picha ya simu inaweza kubeba nukta za mahali ilipopigiwa. Kisha ndipo inaingia kwenye kazi. Hivyo hivyo kwa kuficha maandishi: mstatili mweusi juu ya namba ya simu, ukitoa PDF, mara nyingi namba iko chini yake bado, mtu anaichagua kwa kipanya ananakili. Jaribuni wenyewe, inachukua nusu dakika.

#12 Mdau (wa #2)

Nimejaribu hiyo ya mstatili kwenye kazi ya mwezi uliopita. Namba imenakilika yote. Mkuu, nilikuomba tusijitishe, naondoa kauli. Naenda kuwaambia wenye kazi yao.

#13 Mleta uzi

Kaka umefanya jambo jema. Kuwaambia ndiyo ngumu kuliko yote, najua.

Nimalizie habari ya wale 64, kwa kuwa wengi mmeniuliza iliishaje.

Nilifunga linki, nikafuta faili, nikafuta na kwenye pipa la taka. Kabla ya kufuta nilikuwa nimefanya kitu kimoja ambacho mwandishi wa programu alinishauri kwa ujumbe: nilibofya kulia juu ya picha ya yule dada ndani ya programu, nikanakili anwani ya picha yenyewe, nikaitunza. Baada ya kufuta kila kitu nikaibandika anwani hiyo kwenye dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti. Ikafunguka. Kitanda, dripu, karatasi ukutani. Faili halipo, picha ipo, na haikuuliza mimi ni nani.

Anwani ile ni ndefu, hakuna wa kuikisia. Lakini yeyote kati ya wale waliokuwa na linki angeweza kuinakili kama mimi.

Nikawaandikia kampuni, nikataja tarehe, nikaweka anwani, nikaomba ifutwe mpaka kwenye seva za usambazaji, zile zinazotunza nakala. Nilitaja pia haki ya kufutiwa data iliyo kwenye Kifungu cha 17 cha sheria ya Ulaya, GDPR, kwa kuwa sera yao inasema wanaifuata kwa watumiaji wote. Sheria hiyo inawapa mwezi mmoja wa kujibu. Walijibu siku ya nne kwa ujumbe wa kawaida wa "tunashughulikia". Kila asubuhi nikawa nafungua anwani ile kabla sijanywa chai. Siku ya tano ipo. Ya sita ipo. Ya nane ipo.

Siku ya tisa ukurasa ulikuja mweupe, umeandikwa haipatikani. Nikajaribu kwenye simu, kwa mtandao mwingine. Haipatikani.

Nikampigia yule mama nikampa jibu lake, pamoja na sehemu ambayo siwezi kumjibu: kama kuna mtu kati ya wale 64 aliyeinakili kabla. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nimwandikie yote hayo kwa barua, lugha nyepesi, ili yule dada aisome mwenyewe. Barua nimeituma leo.